Mkuki Mkononi: Katuni za Magazeti na Watu wa Mto Tana

Kuanzia Agosti hadi mwisho wa mwaka 2012, Delta ya Mto Tana haikutoka katika kurasa za mbele za magazeti ya Kenya. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti kijiji cha Reketa kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma, jamii ya wafugaji. Tarehe 7 Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, ambao ni wakulima. Siku tatu baadaye Kilelengwani ikashambuliwa, wakafa watu 38, wakiwemo askari polisi tisa. Wiki ya Krismasi ilipokaribia, Kipao nayo ikamwagiwa damu. Rais Mwai Kibaki alitangaza kafyu, vikosi vya polisi vya GSU vikapelekwa, tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Kisha waandishi wa habari wakapanda magari yao, wakarudi Mombasa na Nairobi, na jina la Garsen, mji wa delta hiyo, likapotea magazetini.

Msomaji wa Nakuru au Kisumu ambaye hajawahi kukanyaga Garsen alibaki na sura mbili kichwani. Ya kwanza ni ya mfugaji: mwembamba, pua ndefu, shuka begani, mkuki mkononi, ng'ombe nyuma yake. Ya pili ni ya mkulima: kifua wazi, panga, na kibanda cha makuti kinachowaka moto. Sura kama hizo ndizo mchoraji wa katuni huzikimbilia anapotaka kusema "watu wa Tana River" bila kuandika neno hata moja. Watu wa huko wana haki ya kuuliza kama sura hizo zinastahili hasira za umma, au ni mzaha wa gazeti wa kupuuzwa asubuhi na kufungiwa samaki jioni.

Zinastahili hasira, ingawa sababu yake haipo pale inapotafutwa siku zote. Kila katuni ya namna hii ikizua mjadala, watu hubishana kuhusu nia ya mchoraji: alikusudia kutukana au hakukusudia? Nia ya mtu ni vigumu kuithibitisha. Kinachoweza kuhesabiwa ni idadi ya sura. Jamii iliyochorwa vibaya ina sura ngapi nyingine katika gazeti lile lile? Mkikuyu, Mjaluo au Mkalenjin anayechorwa kwa kejeli Jumatatu, Jumanne ataonekana akiwa waziri, Jumatano akiwa mwalimu, Alhamisi akiwa bingwa wa mbio, Ijumaa akiwa mama mboga anayelalamikia bei ya unga. Muorma au Mpokomo akichorwa na mkuki Jumatatu, huenda asionekane tena mpaka vita vingine vizuke. Mchoro mmoja unakuwa ndio kitambulisho chake mbele ya taifa zima.

Ili kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo, inafaa kutazama kazi ya katuni yenyewe. Makala ina kurasa. Katuni ina sekunde chache za kueleweka kabla msomaji hajafungua ukurasa wa michezo. Kwa hiyo mchoraji hutumia alama za mkato. Daniel arap Moi alitambulika kwa rungu lake. Wakati kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) zikiendelea, Gado wa Daily Nation, ambaye jina lake ni Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Tanzania aliyejiunga na gazeti hilo mwaka 1992, alizoea kuwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta minyororo yenye tufe zito la chuma mguuni. Wafuasi wao walikasirika sana. Lakini mnyororo ule ulihusu kesi iliyokuwa mahakamani na watu wawili wenye majina, vyeo na mawakili. Mkuki wa mfugaji haumhusu mtu yeyote mwenye jina. Unamwangukia kila aliyezaliwa katika boma fulani, pamoja na mtoto ambaye bado anajifunza kuhesabu.

Na mkuki huo hausemi ukweli wa delta. Waorma na Wawardei hupeleka mifugo mtoni kupitia malka, njia za ng'ombe zinazopita kati ya mashamba ya Wapokomo mpaka kwenye maji. Kiangazi kikikaza, mifugo hushuka kutoka upande wa Garissa na Lamu, na malka iliyozibwa na shamba jipya la migomba huwa ugomvi kabla jua halijatua. Misimu mingine hali huwa tofauti kabisa. Baada ya mavuno ng'ombe huingia mashambani kula mabua na kuacha mbolea. Akina mama wa Kiorma hubeba maziwa mpaka sokoni Garsen, wakarudi na unga, maembe na ndizi. Mafuriko ya 2018 na yale ya mwishoni mwa 2023 yalipozamisha vijiji, mkulima na mfugaji walijikuta wakikimbilia miinuko. Wazee wa baraza la Gasa upande wa Wapokomo na wa baraza la Matadeda upande wa Waorma wamekuwa wakisuluhisha visa vya ng'ombe na mazao tangu kabla hakujakuwa na kituo cha polisi.

Hata dini, ambayo hutumiwa kuufupisha mgogoro huu kuwa Wakristo dhidi ya Waislamu, haigawanyi watu jinsi wageni wanavyodhani. Wapokomo wengi ni Waislamu, hasa sehemu za juu za mto. Wa upande wa chini, karibu na Ngao, waliupokea Ukristo kutoka kwa wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen mwishoni mwa karne ya 19.

Wala hadithi ya mfugaji katili na mkulima mnyonge haisimami. Reketa pekee inatosha kuivunja: waliolala chini asubuhi ile walikuwa wake na watoto wa wafugaji. Ukiigeuza, ukasema mkulima ndiye katili na mfugaji ndiye mnyonge, Chamwanamuma inakukataza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilipochunguza mauaji hayo mwaka 2012 ilikuta mambo mengi yaliyofungamana: maji, malisho, siasa za uchaguzi uliokuwa umekaribia, na uzembe wa serikali iliyokuwa imeonywa mapema. Juu ya hayo kuna ardhi. Jaribio la kupima na kugawa ardhi ya delta liliwatia wafugaji hofu ya kufungiwa mto, na mapigano ya 2000 hadi 2002 yaliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2008 ukazuka mpango wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na kampuni ya sukari ya Mumias wa kulima miwa kwenye hekta zipatazo 20,000 katika eneo hilo hilo. Katuni inayoonyesha watu wawili wakichomana mikuki kando ya mto humwacha nje mwekezaji, afisa wa ardhi na mwanasiasa anayesaka kiti. Hao wanapona, na hilo ni kosa la uandishi wa habari kama lilivyo kosa la heshima.

Kuna sura nyingine ya mto huu ambayo kila Mkenya anaijua bila kujua kwamba anaijua. Wimbo wa taifa, "Ee Mungu Nguvu Yetu", ulitungwa mwaka 1963 juu ya sauti ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo hutumia kuwabembelezea watoto. Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River ndiye aliyekuwa chimbuko la sauti hiyo, na jopo la wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, likaifanyia kazi. Watoto wa shule kutoka Busia mpaka Kwale huiimba bendera inapopandishwa. Mchoraji anayetaka kuonyesha watu wa Tana ana mali hiyo mkononi, na ni ya kweli kuliko mkuki.

Wapo watakaosema kwamba mchoro hauui. Eneo hili lina ushahidi mwingine. Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River, iliwahi kuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walitolewa nje ili walazimishwe kufanya kazi, na 11 kati yao walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba walikufa kwa maji waliyokunywa. Mauaji hayo yalitanguliwa na miaka ya maandishi na picha katika magazeti ya Uingereza na ya walowezi zilizomwonyesha mpiganaji wa Mau Mau kama mnyama wa usiku, kiumbe asiye na sababu ya kupigana ila uchawi na viapo. Mwaka 1954 serikali ilichapisha Nairobi kijitabu cha daktari wa akili J. C. Carothers kilicholieleza vuguvugu zima kama matatizo ya nafsi ya Mwafrika, suala la mashamba yaliyonyang'anywa likawekwa kando. Mtu aliyekwisha kuonyeshwa hivyo hupigwa kwa urahisi zaidi, na anayempiga hulala usingizi. Bunge la Uingereza lilipojadili Hola mnamo Julai 1959, mbunge Enoch Powell, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa maneno makali dhidi ya wahamiaji, ndiye aliyesimama kusema kwamba Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha utu Afrika na kingine kwao.

Magharibi zaidi, Kongo nayo ina kisa cha katuni iliyoanzia gazetini. Hergé wa Ubelgiji alianza kuchapa safari ya mhusika wake Tintin nchini Kongo mwaka 1930 katika Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti moja la Brussels. Hakuwahi kufika Kongo. Wakongomani aliowachora wana midomo minene iliyofanana, macho ya duara, na Kifaransa kilichovunjika; hakuna hata mmoja anayeweza kutatua jambo mpaka kijana mweupe afike. Katika ukurasa mmoja Tintin anasimama mbele ya darasa la watoto weusi kuwafundisha kuhusu nchi "yao", Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya mwaka 1946, somo hilo likageuzwa kuwa hesabu. Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia walipinga ukurasa ambamo Tintin anamlipua kifaru kwa baruti, na Hergé akauchora upya, kifaru akapona. Midomo ya Wakongomani ilibaki vile vile. Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa akiishi Ubelgiji, alipeleka malalamiko mahakamani mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikayakataa, ikisema haikuona nia ya kuchochea ubaguzi. Hapo ndipo kipimo cha nia kinapoishia: mchoraji ameshakufa, nia yake haikuwa mbaya, na mtoto mweusi darasani Brussels bado anachekwa na wenzake.

Mfano mzito zaidi uko jirani kabisa. Kangura, gazeti la Rwanda lililoanzishwa mwaka 1990 na Hassan Ngeze, lilitumia katuni kwa wingi kuwadhihaki Watutsi, wanawake wa Kitutsi hasa. Jalada lake moja la mwishoni mwa 1991 lilichora panga kando ya swali kuhusu silaha ya kuwamaliza. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha mwezi Desemba 2003 kwa makosa yakiwemo uchochezi wa mauaji ya kimbari, kikapunguzwa kuwa miaka 35 kwenye rufaa mwaka 2007. Magazeti ya Kenya hayajafika huko, na kuyafananisha na Kangura kungekuwa kuyaonea. Lakini kesi ile iliweka wazi kwamba sheria inaweza kuutazama mchoro pamoja na wakati wake. Mkuki unaochorwa wiki ambayo Garsen imetulia si sawa na mkuki unaochorwa siku ya tatu baada ya mazishi ya halaiki.

Upande wa pili una hoja, nayo ni nzito. Katuni huishi kwa kutia chumvi. Ukiondoa chumvi umeua chakula. Kenya pia inakumbuka gharama ya kunyamazisha wachoraji. Kabla vyama vingi havijarudishwa Desemba 1991, wachoraji waliogopa hata kuichora sura ya Rais Moi. Uhuru uliopo leo ulipiganiwa, na si haki kumkabidhi kila mwenye kinyongo rungu la kuupiga.

Ndiyo maana inafaa kuutazama mwezi mmoja, Januari 2015, kwa makini. Katika mwezi huo gazeti la The Star la Nairobi lilichapa picha ndogo ya jalada la Charlie Hebdo, jarida la katuni la Ufaransa, baada ya mauaji ya wafanyakazi wake mjini Paris. Wasomaji Waislamu walilalamika, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaingilia, na gazeti likaomba radhi. Hakuna duka lililochomwa, na gazeti liliendelea kutoka kila siku. Mwezi huo huo Gado alimchora Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania katika The EastAfrican kwa namna iliyomchoma. Serikali ya Tanzania ikalipiga gazeti marufuku nchini humo, ikisema halikuwa na usajili. Gado akaenda likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuongezwa. Hasira ya kwanza ilitoka chini, kwa watu wa kawaida waliohisi kudharauliwa, na ikaishia kwenye radhi. Ya pili ilitoka juu, kwa niaba ya mtu mwenye dola nzima ya kujitetea, na ikaishia kwa mchoraji kupoteza kazi. Anayezichanganya hasira hizi mbili, akaziita zote "kukosa uvumilivu", anamsaidia mwenye nguvu.

Kutia chumvi nako kuna namna zake. Tarehe 10 Septemba 2018 gazeti la Herald Sun la Australia lilichapa katuni ya Mark Knight ikimwonyesha Serena Williams akikanyaga raketi baada ya kushindwa na Naomi Osaka katika fainali ya US Open. Tabia ya Serena uwanjani ilikuwa habari halali, na kumchora akiwa na hasira kulikuwa haki ya mchoraji. Lakini midomo na mwili aliopewa vilitoka katika michoro ya Marekani ya zamani ya kuwadharau weusi, na Osaka, binti wa baba wa Haiti na mama wa Kijapani, alichorwa kama msichana mweupe wa nywele za dhahabu. Baraza la Habari la Australia liliamua mwaka uliofuata kwamba gazeti halikuvunja kanuni. Uamuzi huo haumzuii msomaji kuona kwamba kitendo kilichokuwa cha mtu mmoja kilichorwa kwa sura ya watu wote weusi.

Wachoraji wa Afrika Mashariki wenyewe wameonyesha kwamba inawezekana kuchekesha bila kutegemea kabila. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi kwa ujinga wa matendo yake. Bogi Benda wa James Tumusiime, Mganda aliyechora Nairobi miaka ya 1970, alikuwa mtu wa mjini anayehangaika na pesa na vimwana. Hakuna aliyehitaji kujua wanatoka kijiji gani ili acheke.

Leo gazeti la karatasi linalofika Garsen kwa basi kutoka Malindi si njia kuu tena ya katuni. Mchoro hupigwa picha, hukatwa maelezo, na kutumwa katika makundi ya WhatsApp, ambako kila upande huongeza maneno yake juu. Kwa kasi hiyo, hasira ya kelele mitandaoni huufikisha mchoro kwa watu maelfu ambao wasingeuona kamwe. Barua ya malalamiko inafanya kazi bora zaidi. Kanuni za maadili za wanahabari wa Kenya zinakataza maneno ya dharau ya kikabila na kirangi, na Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 inaweza kuliamuru gazeti kusahihisha na kuomba radhi. Mchoro ukivuka mpaka ukawa uchochezi, iko Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008: kifungu cha 13 kinaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba yenyewe, katika ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza na papo hapo kuutenga na matamshi ya chuki.

Malalamiko yatakuwa na uzito zaidi yakitumwa kwa pamoja. Mpokomo anayekasirika tu pale Mpokomo anapodharauliwa, akacheka siku ya Muorma, anamrahisishia mhariri kazi ya kusema kwamba haya ni mambo ya kabila. Barua iliyotiwa sahihi na wazee wa Gasa na wa Matadeda haiwezi kujibiwa hivyo. Idai radhi panapostahili radhi, lakini idai pia kazi: wahariri watume wachoraji na wapiga picha delta wakati hakuna maiti, waone malka iliyozibwa, daraja lililosombwa, foleni ya maji, soko la maziwa. Huko kuna wakubwa wengi wa kuchorwa kwa kejeli, na watu wa Garsen wangefurahi kuwaona. Mauaji ya 2012 yalitokea miezi michache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, na uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Mazungumzo ya namna hiyo na vyumba vya habari vya Nairobi na Mombasa yanafaa kufanyika kabla kampeni hazijaanza.